Ukanda wa Punda na Tumbo la Mpishi

Shule niliipita kwa nje, nikiwa nyuma ya ng'ombe wa baba. Ndani niliingia muda wa kutosha kujua kusoma na kuandika, halafu baba akasema basi, mahindi hayapaliliwi kwa kalamu. Nalisema hili mapema ili nyinyi vijana wa jikoni mlioniomba niandike msije mkatafuta humu maneno makubwa. Naitwa Bura, Mbulu wa Rhotia, mpishi wa kambi za kutembea kwa miguu, na mwaka huu nimestaafu. Kupika nimejifunza kwa kuungua, na sijaona mgeni aliyerudisha sahani yangu.

Mishahara na vyeo siandiki. Hayo mtayajua wenyewe na mtayalalamikia wenyewe. Nitaandika habari ya tumbo langu, kwa sababu ndilo lililotaka kunitoa kazini, na kwa sababu siku mliyoniaga niliwatazama wakati wa kupiga picha nikaona vifungo vya makoti meupe vinaomba msaada.

Nilianza kama mwosha vyombo, kambini Nainokanoka juu mlimani, asubuhi ya ukungu ambao mtu hauoni mkono wake mwenyewe. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Baltazari, mtu wa Mbulu, mkubwa kama ghala la mahindi. Nilipomaliza sufuria akanipa mwiko. "Onja supu hiyo." Nikagusa kwa ncha ya ulimi. Akaninyang'anya mwiko. "Wewe unaonja au unabusu? Mpishi asiyeonja ni dereva aliyefumba macho. Onja kama mtu!" Nikaonja kama mtu. Nikaendelea kuonja kama mtu miaka mingi.

Yote ninayoyajua amenifundisha yeye. Alinifundisha kuoka mkate porini: sufuria kubwa, mchanga chini, kopo la mkate ndani, mfuniko wa bati, na makaa juu ya bati yawe mengi kuliko ya chini. Ukigeuza hesabu hiyo umeoka tofali. Alinifundisha kutomwambia mgeni chakula kiko tayari mpaka kiwe tayari kweli. Na alinifundisha, bila kusema, kwamba mpishi lazima awe na kitambi, maana mpishi mwembamba nani atamwamini? Nilimpenda mzee yule. Alikuwa ananifokea kwa Kiiraqw, lugha yetu Wambulu, ili wageni wasielewe, halafu ananichotea chakula mimi kwanza.

Kwenye kambi za miguu mizigo hubebwa na punda. Wageni wanatembea taratibu na mwongozaji na askari wa wanyama mwenye bunduki, sisi na punda tunawapita, ili wakifika wakute hema limesimama na chai inachemka. Kwa hiyo mpishi anatakiwa atembee kuliko mgeni, na akifika ndipo kazi inaanza. Punda walikuwa wa Lemburis, Mmasai wa hapo Nainokanoka, rika langu au tuseme hivyo, kwa sababu yeye hajui alizaliwa lini na mimi baba alinibahatishia. Kila mzigo aliufunga kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe unaopita chini ya tumbo la punda, na mwisho wa ukanda kulikuwa na fundo. Fundo likifika kwenye pete, punda anapakiwa. Lisipofika, punda huyo habebi.

Siku ya kwanza alinitazama nikihangaika na sanduku la vyombo. "Mbulu, huko kwenu mmezoea jembe tu?"

"Na nyie mmezoea kusimama kwa mguu mmoja," nikamjibu.

Akacheka mpaka punda wakageuka. Hapo urafiki ukaanza. Babu zetu walichomana mikuki, sisi tukagawana tumbaku.

Sasa tumbo. Mpishi hali, mpishi anaonja. Huo ndio uongo wetu mkubwa. Unaonja uji, unaonja chapati za maji, ile iliyokatika huwezi kumpelekea mgeni, unaikula. Keki ikibaki nusu, nani ataibeba mlimani? Unaibeba wewe, tumboni. Chai yenye sukari inayosimamisha kijiko, kwa sababu ya baridi. Halafu nikishuka nyumbani mke wangu, Mama Yasinta, ananipikia makande na maziwa kana kwamba nimetoka jela. Wanawake wenzake wakamsifu: "Kazi imemkubali mumeo!" Akafurahi, na mimi nikafurahi, na mkanda wa suruali ukaenda tundu la mwisho. Nikatoboa lingine kwa msumari.

Ilifika siku wageni wakataka kula mchana chini kabisa ndani ya kreta ya Empakaai, kando ya ziwa. Kushuka nilishuka vizuri, tumbo lilikuwa linavuta mbele. Kupanda, nusu ya njia, goti la kulia likasema hapana. Nikakaa kwenye mzizi. Askari akasimama juu yangu na bunduki, maana msitu ule una nyati. Lemburis akarudi chini na punda mmoja mtupu.

"Panda."

"Sipandi punda kama kapu."

"Basi kaa. Nyati atakupandisha."

Nikapanda. Yule punda alisimama njiani akageuka kunitazama, na sijawahi kutazamwa vile hata na mama mkwe. Juu ukingoni wageni wakatupigia makofi, wakidhani ni sehemu ya safari waliyolipia. Mmoja akaniomba nishuke nipande tena apate picha.

Bosi hakunifokea. Afadhali angefoka. Alinihamishia jiko la hoteli Karatu mjini, akasema, "Mzee Bura, pumzika. Goti likipona utarudi mlimani. Lisipopona, hapa pazuri, kuna umeme." Jiko lile lilikuwa na vigae mpaka darini na halikuwa na dirisha. Nilikuwa nageuza mayai nikimsikia Lemburis akiwafokea punda kichwani mwangu. Hapo nilijua kwamba kama sirudi mlimani, nitabaki kwenye vigae mpaka nizeeke.

Nikaenda hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, akaliminya goti, akanipima uzito, akasema, "Baba, goti lako si gonjwa. Limechoka kubeba." Nikaona ananitukana. Njiani nikaona amesema kweli.

Lakini kilichonigeuza kichwa kabisa si daktari. Nilikwenda Mbulu kumsalimia Mzee Baltazari. Nikamkuta kwenye kiti kipana kilichotengenezwa na fundi kwa ajili yake, miguu imevimba, haiendi hata kanisani. Binti yake alikuwa jikoni na mlango uko wazi, na mzee anapika kwa mdomo. "Punguza moto! Weka kitunguu sasa! Umeweka? Hujaweka, sijasikia harufu!" Kisha akanigeukia, akasema taratibu, "Bura, nanusa tu. Kusimama kwenyewe siwezi." Binti akaniletea sahani imejaa. Nikala nusu. Mzee hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikaanza kupunguza. Sina siri ya ajabu. Mwiko nikaurudishia kazi yake ya kukoroga, nikaonja kwa kijiko cha chai. Nikakataa kula nimesimama: kama nataka kula, nakaa, naweka kwenye sahani, naitazama. Mtajua mnakula kiasi gani mkikaa. Sukari ya chai nikaiacha kwa hasira. Na badala ya bodaboda, nikawa natembea kutoka nyumbani Rhotia mpaka kazini Karatu. Madereva wa boda wakanizomea kila asubuhi: "Babu, leo umefulia? Panda, utalipa mwisho wa mwezi!" Nikawaambia walinde matumbo yao, yanakuja.

Nilipungua. Goti likanyamaza. Bosi akanirudisha mlimani, na Lemburis akanipokea kwa kunishika mkono muda mrefu. Nilidhani ni furaha.

Hapa vijana sikilizeni, kwa sababu watu wote wanahadithia walivyopungua, hakuna anayehadithia kilichofuata. Kupungua kuna watazamaji. Kubaki hakuna. Siku suruali inapokuwa kubwa kila mtu anaona, siku inapokuwa vilevile nani atakuja kukupongeza kwamba leo suruali ni ileile? Na ule moto niliopungulia ulikuwa moto wa aibu, aibu ya punda na makofi. Aibu ni kama mabua ya mahindi. Yanawaka mpaka yanakuunguza nyusi, lakini maharage hayaivi. Msimu ulipokwisha aibu ilikuwa majivu.

Na kitu kingine. Kwetu huku mtu mzima akikonda, watu hawasemi hongera. Wanasema pole. Wengine wanasema ule ugonjwa, kwa sauti ya chini, unawasikia. Wanajumuiya wa kanisa walikuja nyumbani na chapati na uji wa lishe, wakakaa, wakamwombea "mgonjwa wetu" nami niko palepale nakula mboga zangu. Nikaitika amina, ningefanyaje? Walipoondoka Mama Yasinta alilia.

"Wananiuliza kama nakunyima chakula," akasema. "Mimi! Baba Yasinta, ukiwa peke yako fanya utakavyo. Ila mbele ya watu kula."

Nikala mbele ya watu. Na kwetu watu hawaishi. Leo jirani, kesho shemeji, keshokutwa katekista. Nilikuwa nakula kwa ajili ya heshima ya mke wangu, na hakuna chakula kitamu kama hicho, maana hakina lawama. Mkanda ukaanza kurudi nyuma tundu kwa tundu. Goti likaanza kukohoa kidogo kwenye vilima. Nilijua linakoelekea. Linaelekea kwenye vigae.

Msimu ule ulipofungwa, Lemburis akanizuia nisipande gari la kushuka Karatu. "Njoo bomani kwanza."

Sikuishia bomani. Alinipeleka porini, bondeni penye kijito, nikakuta wazee wa kwao wamekaa, moto unawaka, na kondoo dume amechinjwa, mkia wake mafuta matupu. Nikaelewa. Ilikuwa orpul, kambi ya nyama, ambako Wamasai humpeleka mtu aliyeisha nguvu ili arudi kuwa mtu. Wanawake hawafiki. Kuna supu ya magome ya miti, chungu kama ukweli, kuna nyama, na kuna mafuta yaliyoyeyushwa ya kunywa. Na sheria yake ni moja: mnyama huyo hamumwachi mpaka aishe.

Lemburis akajaza kikombe mafuta akanipa kwa mikono miwili. "Kunywa."

"Lemburis..."

"Kunywa. Nimekuvumilia msimu mzima nikisubiri uniambie. Unakwisha, rafiki yangu, na unanificha mimi? Huyu kondoo nilimlea kwa ajili ya harusi ya mwanangu. Nimemleta kwako. Kunywa."

Nilishika kile kikombe cha moto. Sijawahi kupendwa hivyo maishani, na sijawahi kuwa taabani hivyo. Nikinywa, najipeleka mwenyewe kwenye kiti cha Mzee Baltazari. Nisipokunywa, nimemtemea mate mtu aliyenichinjia kondoo wa harusi mbele ya wazee wake.

Nikasema, "Siumwi. Nimejikondesha mwenyewe. Kwa makusudi."

"Kwa makusudi?" Akawageukia wazee akawatafsiria kwa Kimasai. Mzee mmoja akauliza kitu, Lemburis akanigeukia. "Anauliza kama huko kwenu Wambulu chakula kimewaishia."

"Mwambie kipo tele."

"Watu wanaomba mvua wanenepe, ng'ombe wanenepe, watoto wanenepe, wewe unakimbia mafuta?" Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Umenifanya nilie usiku kwa ajili ya mtu mzima wa afya!"

Maneno ya daktari yasingesaidia pale. Nikamuuliza, "Yule punda wako mwenye sikio jeupe, baada ya masika, majani yalipokuwa mengi. Ulimfanya nini?"

"Alinenepa, fundo halikufika. Nikamnyima kidogo, nikamtembeza bila mzigo mpaka ukanda ukafika. Wewe ulikuwepo."

"Kwa nini usimpakie hivyo hivyo?"

"Ukanda unambana, anachubuka. Akichubuka hana kazi. Na punda asiye na kazi..." Akatazama goti langu. Akakumbuka Empakaai, nilimwona akikumbuka. "Fisi," akamalizia taratibu.

Akakichukua kile kikombe mkononi mwangu, akakinywa chote mwenyewe, akapangusa mdomo. "Haya. Wewe kula nyama isiyo na mafuta, na ile supu chungu. Mafuta tuachie sisi, hatuna bosi." Wazee walipotafsiriwa habari ya punda walicheka mpaka mmoja akakohoa, na kondoo akaisha bila shida yoyote. Ninachokumbuka zaidi ni vile Lemburis alivyonimegea paja, akitoa mafuta kwa kisu, kipande kwa kipande, kama mama anayemtolea mtoto miiba ya samaki.

Msimu uliofuata, asubuhi ya kupakia, punda wote walipokwisha kufungwa Lemburis akapaza sauti, "Bado mmoja!" Akanijia na ukanda, akanizungushia tumboni mbele ya askari, mwongozaji na wageni. Fundo likafika kwenye pete. "Mpakie!" akapiga kelele. Toka siku hiyo ikawa desturi ya kila msimu. Mwaka ambao fundo halikufika aliutangazia mlima mzima, "Huyu ana mimba!" na akanifanya nitembee nyuma kabisa, kwenye vumbi la punda, mpaka fundo lilipofika tena. Nilimtukana sana. Lakini nyumbani, shemeji akiniwekea sahani ya pili, nilikuwa nausikia ule ukanda tumboni.

Na alinisaidia hata kwa wanajumuiya. Siku ya mnada Karatu alipitia nyumbani, akawakuta akina mama sebuleni na chapati zao. Akasimama mlangoni na fimbo yake. "Huyu si mgonjwa," akawaambia. "Huyu ni punda wangu. Msimlishe, ana kazi." Mama Yasinta alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo wakiniombea walikuwa wananiombea mvua, kama watu wengine.

Kwa hiyo mkiniuliza nguvu ya kubaki inatoka wapi, sitawaambia inatoka moyoni. Moyo wangu ungekuwa na nguvu hiyo nisingetoboa mkanda kwa msumari. Tafuta kazi unayoipenda, iliyo upande wa pili wa mlima, na mtu atakayekuja na ukanda bila kukuonea haya. Hizo ndizo kuni za oloirien, mti ule mgumu wa mlimani. Unawaka polepole, hauna mbwembwe, na asubuhi unakuta kaa bado jekundu.

Basi nikastaafu. Mlinipa jiko la gesi na keki. Keki nilikula kipande nimekaa. Lakini nyumbani hakuna mlima. Mavuno yalikuwa mazuri, maharage mapya, maziwa, chai ya saa nne, chai ya saa kumi. Nikajiambia, kwani nabeba nini tena? Nikahamia kiti cha barazani, kiti kizuri, kipana. Ngazi za kanisani goti likaanza kukohoa. Mama Yasinta alinitazama akanyamaza. Mwanamke huyu hanyamazi, ningepaswa kushtuka.

Juzi siku ya mnada bodaboda ikasimama uani. Akashuka Lemburis, shuka lake jipya, ukanda begani. Salamu hakutoa.

"Simama."

Nikasimama. Akanizungushia ukanda. Ukavutika, ukavutika, fundo likabaki mbali na pete. Nikasubiri aseme nina mimba. Hakusema. Aliuviringisha ukanda taratibu, akakaa, akapokea chai.

"Nimestaafu," nikasema. "Sasa fundo lifike la nini?"

"Punda hawajui umestaafu," akasema. "Kesho wanapeleka mizigo Empakaai. Utatembea nao bila mzigo, mpaka ukanda ufike. Kila msimu."

"Na nani atapika?"

"Hao vijana wako."

"Nile chakula cha wale?"

"Hicho peke yake kitakukondesha."

Nikacheka, na nyinyi mnisamehe. Nikamwita Mama Yasinta ndani, nikamwambia anitafutie buti zangu za mlimani, sijui zilikotupwa.

"Ziko mlangoni," akajibu bila kutoka jikoni. "Nimezipaka mafuta tangu Jumapili."

Nikamtazama Lemburis. Lemburis akatazama chai yake.